Mume Wangu wa Jumapili Jioni

Jumanne, 4 Oktoba 1977

Msimu wa saba wa mchezo wetu wa televisheni umeanza. Ukumbi uleule wa kanisa pale Hammersmith, baridi ileile, harufu ileile ya gesi na soksi za skauti. Utepe umeshabandikwa sakafuni: wa kijani ndio kaunta, mwekundu mlango wa nyuma, wa njano tangi la kukaangia. Mwaka wa tisa huu naishi zaidi ndani ya mistari hii kuliko ninavyoishi kwangu Chiswick.

Wilf kaja na tai, viatu vinang'aa. Kanibusu shavuni: "Mke wangu hajambo?" Ndivyo anavyonisalimu siku zote. Connie, mkewe wa ndoa, alishazoea. Husema ameniazima tu, na kwamba siku nikimchoka nimrudishe mzima kama nilivyomkuta.

Tukasoma skripti mezani. Vizuri kabisa – karatasi si ziko mbele yake! Kisha tukainuka kujaribu mwendo, na Wilf akaenda moja kwa moja akasimama katikati ya tangi la mafuta. Juu ya utepe wa njano, mikono nyuma, ametulia. Watu wakaangua kicheko. Desmond, mtayarishaji wetu, akapaza sauti: "Mzee, umeshaiva, tukutie chumvi?" Wilf naye akacheka.

Ila mimi nilikuwa karibu naye. Nilimwona macho. Hakujua amesimama wapi.

Uchovu labda. Ana miaka sitini na minane.

Jumapili, 9 Oktoba

Nimerudi kutoka studio, miguu inawaka moto. Kipindi cha kwanza kimerekodiwa.

Watazamaji mia tatu kama kawaida, mabasi mawili ya akina mama kutoka Luton. Monty Vass alishawapasha moto kwa vichekesho vyake vya mama mkwe, vilevile vya tangu enzi za vita. Halafu taa, muziki, na mimi na Wilf tukawa Edna na Arnold Bickerdike wenye duka la samaki na chipsi. Edna mkali, Arnold mpole. Edna huongea, Arnold hukaanga. Hiyo ndiyo *Chumvi na Siki* yote, na nchi nzima hukaa nyumbani Alhamisi kwa ajili yake.

Tulipofika kwenye sehemu ya mkaguzi wa afya, Wilf akapotelewa. Maneno yamekwisha! Akanitazama na kijiko mkononi. Sekunde, sekunde nyingine. Na wale akina mama wa Luton wakaanza kucheka. Kwanza mmoja, kisha safu, kisha ukumbi mzima. Kadiri anavyonyamaza ndivyo wanavyozidi! Ikabidi niseme kitu. Nikasema, "Usiniambie umesahau tena, Arnold! Si jana tu tumempa huyu bwana samaki wa bure anyamaze?" Maneno yake yote nikayasema mimi kwa njia ya swali. Akashika uzi. Akaendelea.

Baadaye Desmond kaja mbio, karibu amng'oe Wilf mkono. "Ule ukimya! Nani mwingine Uingereza hii angethubutu kunyamaza vile mbele ya watu?" Wilf akatabasamu, kama mtu aliyepewa zawadi isiyo yake na anaona haya kuirudisha.

Jumatatu, 10 Oktoba

Mvua. Nimefua, nimepiga pasi. Sikulala vizuri.

Alhamisi, 13 Oktoba

Mazoezi mabaya. Mstari mmoja mara kumi na moja, na kila mara Wilf anaupokea kama mgeni. Vijana wa kamera waliokuja kutazama wakaanza kukodolea macho dari.

Saa ya chai mmoja wao akamchokoza: "Mzee Wilf, ni kweli ulianza kwa kucheza ngoma ya viatu?" Jamani! Wilf akaweka kikombe chini. Akasukuma meza. Akatuchezea onyesho lake zima la mwaka 1934, la gati la burudani la Cleethorpes – wimbo beti sita, utani wa askofu na bata, kisha viatu vikapiga sakafu ya kanisa, tap-tap-taka-tap, hakukosea hata hatua moja. Alianza na miaka kumi na tisa, kwenye vikundi vya burudani vya ufukweni. Kisha vitani akiwachekesha askari kule Misri. Kisha redio, halafu miaka na miaka ya kuigiza polisi wa mlangoni na dereva wa teksi anayesema "Wapi, bosi?" basi. Televisheni ilimwona akiwa na miaka hamsini na tisa. Waliokuwa wamemsahau wakaanza kudai walimjua zamani.

Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma. Alikuwa anahema, uso mwekundu, kijana kabisa. Akaja akakaa karibu nami, akanong'ona:

"Avis, mazoezi tumeshafanya leo, au bado?"

Nikamwambia tumeshafanya. Nikaenda chooni nikalia.

Jumapili, 16 Oktoba

Wilf amepotea ndani ya jengo la studio saa tisa alasiri.

Hakuna aliyeshtuka. Lile jengo ni la mviringo, korido inazunguka na kurudi ilikotoka, na kila mtu hupotea humo, hata wakubwa wenyewe. Kuna utani wa mhasibu mmoja aliyeingia kabla ya Krismasi na bado anatafuta lifti. Kwa hiyo watu wakawa wanacheka tu: "Atatokea kwa upande mwingine!" Nikazunguka mara mbili. Nikamkuta studio ya jirani, kwenye mandhari ya mchezo wa gerezani. Ameketi ndani ya selo, juu ya kitanda cha mfungwa, kofia magotini. Mlango wa nondo uko wazi.

"Wilf, unafanya nini huku?"

"Namsubiri Connie. Kasema nisitoke nje ya mlango."

Nikamshika mkono. Mkono wa barafu. Njiani tukakutana na msimamizi wa studio, akasema, "Ah, Edna kamkamata!" Wilf papo hapo akainamisha kichwa kama Arnold, akaburuta miguu, na kijana yule akacheka mpaka akashika ukuta. Arnold hampotei kamwe. Arnold yuko palepale, tayari, ukimgusa tu.

Kurekodi tukavuka. Sasa maswali yangu yote yanabeba majibu yake ndani. Edna ameongezeka ukali, hana budi. Vichekesho vyangu mwenyewe vinakufa njiani, hakuna nafasi ya kuvitolea pumzi. Haidhuru.

Jumatano, 19 Oktoba

Nimekwenda Pinner, nyumbani kwa Wilf. Connie mwenyewe kanipigia simu: njoo Wilf akiwa kwa kinyozi.

Keki ya mbegu, vikombe vizuri, kila kitu mahali pake. Hakuzunguka. "Umeshajua," akasema. Nikasema nimeshajua. Kumbe daktari alimwona tangu Juni! Akili inakwenda, haitarudi, wala hakuna dawa. Wilf aliambiwa. Akasahau kwamba aliambiwa. Connie hakumwambia tena.

Nikamwambia, "Connie, mficha maradhi, kilio humuumbua. Tumwambie Desmond, tufunge duka kwa heshima. Watu watamkumbuka vizuri."

Akaweka birika chini kwa kishindo. "Heshima! Ya nani? Akiwa nyumbani hapa, Avis, anakaa kwenye ile ngazi ananiuliza yeye ni nani. Akitoka huko kwenu Jumapili, siku mbili nzima anajua. Anajua, unanielewa? Anaimba bafuni! Wewe unampata Arnold. Mimi nabaki na huyu anayekojoa kwenye kabati la makoti. Na bado unakuja kuninyang'anya hizo siku mbili?"

Nikala keki.

Akanishika mkono. "Mpaka kipindi cha Krismasi tu. Mfikishe Krismasi."

Nikakubali. Nikapanda treni nikajiuliza nimekubali kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Maana bila Edna, mimi nani? Mwanamke wa miaka hamsini na tisa anayeitwa kuigiza maiti kwenye hadithi za polisi. Mara ya mwisho maiti yenyewe niliambiwa nimezidi kupumua.

Ijumaa, 21 Oktoba

Nimepata njia! Arnold hufunga chipsi kwa magazeti. Kila ukurasa tutauandika maneno yake kwa wino mnene, pembezoni. Akifunga anasoma, anafunga anasoma. Nani ataona? Nimekaa jioni nzima mezani na kalamu, vidole vyeusi kama vya mchimba makaa.

Jumapili, 23 Oktoba

Imekwenda! Oh, imekwenda!

Kakosea mara moja tu. Ilikuwa zamu yake kumtongoza mama Pickles wa posta ili apate stempu kwa mkopo, akainamia gazeti, na macho yakateleza yakaenda safu ya matangazo. Akamtazama yule mama machoni, kwa sauti laini ya mapenzi, akasema: "Nauza kochi la viti vitatu, hali nzuri, piga simu jioni."

Nilidhani dari litashuka. Mwanamke mmoja alibebwa nje kwa kucheka. Mama Pickles mwenyewe kageuka ukutani, mabega yanatikisika. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi. Na Wilf alipoona tunacheka akafurahi, akarudia: "La viti vitatu!"

Desmond hataki kukata hata neno. Tumekunywa jini kantini. Kwa jioni moja nilisahau kila kitu, na mimi nikajua ladha ya kusahau.

Jumamosi, 29 Oktoba

Croydon, kufungua supamaketi. Utepe, mkasi, meya na mkufu wake. Watu barabara nzima.

Kipindi cha kwanza kilirushwa juzi Alhamisi, na jana gazeti moja limeandika kwamba Wilf Ormerod katika uzee wake amegundua kimya, na kwamba sisi wengine tujifunze. Connie amelikata akalibandika jikoni.

Nilikuwa nimeshika maua pale nilipohisi kitu kinanidunga mbavuni. Mwavuli! Bibi mmoja mfupi, kofia ya sufu, amefura. "Wewe mwanamke! Mwache mzee wa watu apumue! Kutwa unamfokea, umesahau hiki, umesahau kile. Na wewe utazeeka!" Nikajaribu kucheka. "Wala usinichekee," akasema, akampa Wilf mfuko wa peremende, akampapasa shavu. Watu wakampigia makofi. Wananichukia sasa, sikia nikuambie. Barua zimeanza kuja. Edna alikuwa mkali lakini walimpenda; sasa wanamwona mchawi. Sawa. Na iwe hivyo.

Lililonivunja ni jingine. Mtoto alimpa Wilf daftari asaini. Akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa zamani: *Arnold Bickerdike*. Nikamwinamia sikioni, "Wilf, andika jina lako, kipenzi."

Akanitazama kwa adabu sana. "Lipi?"

Jumanne, 1 Novemba

Skripti mpya. Nikiwa bado na koti mwilini Desmond akanikumbatia: "Waandishi wametupa dhahabu!" Dhahabu yenyewe ni hii: Arnold anatumwa sokoni alfajiri kununua samaki, anasahau njia ya kurudi. Anaingia nyumba za watu akidhani ni kwake. Polisi anamleta dukani akiwa amevaa slipa moja, na Edna anamkaripia mbele ya wateja. Mwisho.

"Tumeona vicheko viko wapi," kasema Desmond. "Tunavifuata. Msimu ujao wote Arnold atakuwa hivi. Wakubwa wameshakubali, misimu miwili mingine!"

Meza nzima ikashangilia. Wilf alikuwa anasoma kimya, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Alipofika kwenye slipa moja akaacha. Akaniegemea. Akaninong'oneza, na sauti haikuwa ya Arnold, ilikuwa yake mwenyewe, ya yule bwana mzaliwa wa Oldham niliyekutana naye miaka tisa iliyopita:

"Wamenijuaje, Avis?"

Nikaufunika ukurasa kwa mkono.

"Usimwambie Connie," akasema. "Atasikitika."

Connie ananiambia nisimwambie Desmond, Wilf ananiambia nisimwambie Connie. Na nyumba inawaka.

Jumatano, 2 Novemba

Alikuwa mchangamfu asubuhi. Hakumbuki alichoniambia jana. Kwenye ile sehemu ya slipa alicheka sana, akasema, "Huyu Arnold mjinga kweli!"

Nimeamua. Krismasi mimi siwezi. Kumbeba ni jambo jingine, hili la kumvua nguo mbele ya nchi nzima ni jingine. Kesho namwambia Desmond. Connie akinichukia anichukie, nimeshazoea kuchukiwa.

Alhamisi, 3 Novemba

Nimemwambia. Kumbe nilifikiri nikishasema mambo yatakwisha!

Baa ya kona, chakula cha mchana. Nilikuwa nimejikaza tangu asubuhi. Nikaanza tu "Desmond, kuhusu Wilf," akanikatiza mkono juu.

"Najua, mpenzi. Vicheko vyako vimepungua. Nimeshawaambia waandishi, utapata vyako."

Nilitaka kumtupia pai. "Sitaki vicheko! Wilf haigizi. Hasahau kwa kuigiza. Ana ugonjwa. Akili yake inakwisha, Desmond, na sisi tunaiuzia tiketi!"

Akatafuna. Akapangusa midomo pole pole. Nilimwona anaelewa, naapa nilimwona. Uso ukabadilika rangi. Na pia nilimwona anaamua kutoelewa.

"Kimebaki kipindi kimoja," akasema, bila kunitazama. "Kimoja tu cha kurekodi kabla ya kile cha Krismasi. Ukiniambia, itabidi mimi niwaambie wa juu, na wa juu watafunga kila kitu leo leo, na Wilf ataambiwa kwenye korido na mtu asiyemjua. Unataka hivyo? Basi hujaniambia. Tumekula pai, tumezungumza habari za hali ya hewa."

"Nimeshakuambia."

"Baridi kweli mwaka huu," akasema Desmond, akaomba bili.

Nimetembea mpaka mtoni. Maji yalikuwa yamejaa, ya udongo. Nilimwona Desmond ni mtu mbaya. Halafu nikaona hata Connie amesema yaleyale, na mimi mwenyewe nilikula keki nikasema ndiyo. Sote tunampenda. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumamosi, 5 Novemba

Usiku wa fataki wa kila mwaka, zinalia tangu magharibi. Paka wa jirani yuko chini ya kitanda changu. Nimeandika magazeti ya kesho, kurasa kumi na nane. Kwenye sehemu ya polisi maneno ya Wilf ni machache: "Nimezunguka kidogo tu, Edna. Kulikuwa na ukungu." Basi. Hata mtoto angekumbuka.

Nimeyaandika mara mbili, makubwa.

Jumapili, 6 Novemba

Naandika chumba cha kubadilishia nguo, aproni bado kiunoni. Wilf ameketi hapa kwenye kiti cha pili. Tunasubiri kuitwa tena.

Kilichotokea. Niandike, nisije baadaye nikajidanganya.

Mwanzo ulikwenda. Sokoni vizuri, nyumba za watu vizuri. Wamejaa leo, wengine wamesimama nyuma. Connie yuko mstari wa tatu, kavaa koti lake la bluu. Kisha sehemu ya polisi. Wilf anaingia, slipa moja, mguu mmoja wazi. Mguu wa mzee, mweupe, mishipa imetoka. Kicheko papo hapo. Anapita kaunta, anashika gazeti kama tulivyopanga – na mtu wa vifaa, kwa nia njema tu, ili pawe na mvuke na harufu, alikuwa amemimina siki ya kweli kwenye chipsi. Karatasi ilikuwa imelowa chepechepe. Wino wote umetiririka. Niliona kutoka nilipo: ukurasa mweusi, hakuna neno.

Akaugeuza. Akashika mwingine. Mweusi. Mwingine.

Nikamrushia: "Usiniambie ulikuwa unazunguka tu, Arnold, kwa sababu ya ukungu!" Nimeweka yote ndani, ayaokote tu! Hakuyaokota. Akanitazama kama hanijui. Akawatazama watu. Taa zile, anawatazama watu mia tatu gizani huku vidole vyake vinachuruzika wino.

Akasema, "Nataka kwenda nyumbani."

Kicheko.

"Tafadhali. Mama, sijui nyumba yetu iko wapi."

Na akaanza kulia. Si kilio cha jukwaani, nakijua kilio chake cha jukwaani, kina mabega. Hiki hakikuwa na kitu. Mdomo wazi na machozi tu. Na wao wakacheka – sijapata kusikia kicheko kama kile tangu nizaliwe! Kilikuja kama mzigo wa makaa unaomwagwa. Walipiga miguu sakafuni. Hata Connie alikuwa anacheka. Angefanyaje? Mwanamke wa kushoto kwake alikuwa amemgeukia anamtazama. Anacheka, na leso imekazwa mdomoni.

Sikusema mstari wangu. Nilizunguka kaunta nikamkumbatia. Edna hajapata kumkumbatia Arnold miaka tisa. Wakapiga makofi wakasimama.

Halafu sauti ya msimamizi: samahani mabibi na mabwana, tulieni mkae. Kamera namba mbili ilikuwa imekufa. Uso wa Wilf haukupatikana. Yote yarudiwe.

Desmond alishuka ngazi mbili mbili. Hakunitazama mimi. Akamshika Wilf mabega yote mawili: "Yaleyale, mzee. Usibadili kitu. Kimya kilekile, machozi yaleyale." Akasita kidogo. "Unaweza?" Wilf, uso umelowa, akasema, "Naweza nini?" na Desmond akasema, "Huyo! Huyo ndiye!" akapanda tena haraka, kama mtu anayeogopa kuitwa.

Basi tuko hapa. Wamempangusa, wamemchana nywele, wamempa chai na biskuti. Dakika kumi zimepita, na amesahau. Kila kitu. Ametulia, miguu ameikunja, slipa moja, mguu mwingine wazi. Anaimbia puani ule wimbo wa gati.

"Leo ndiyo siku ya kurekodi?" kaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Najisikia vizuri, unajua. Nadhani leo nitakumbuka yote."

Msimamizi kagonga sasa hivi, kachungulia. Dakika mbili, akina Bickerdike! Nikasimama, nikamwambia kwa sauti kavu kabisa: "Hatutoki. Nenda kamwambie Desmond hatutoki, mwanamume huyu ni mgonjwa, awaambie watu waende kwao."

Kijana kacheka. Kacheka mpaka kaegemea mlango. "Ah, Edna!" kasema. "Usiniue kabla ya zamu!" Kaondoka, nasikia viatu vyake vinakimbia koridoni.

Nimefunga mlango kwa ufunguo. Ufunguo nimeushika mkono wa kushoto, kalamu wa kulia. Sijui nitafanya nini wakija wawili. Sijui nitafanya nini akija Connie.

Ukuta ni mwembamba. Kule ng'ambo Monty anawafundisha watazamaji kucheka, maana kwenye marudio watu huwa wameshaujua mchezo, na kicheko cha pili hutoka kibovu. Namsikia: "Nikishusha mkono, mnacheka kama hamjapata kumwona! Yule mzee na slipa yake! Haya, moja, mbili –" Wakacheka. Hakikutosha. "Mnaniangusha! Tena!" Wakacheka tena, kikubwa zaidi, kirefu.

Wilf ameacha kuimba. Ameinua kichwa, sikio ukutani, uso umechangamka.

"Sikia hao, wamefurahi kweli," ananiambia. "Wanamcheka nani?"